Sisi wa kipe, tunaovua dagaa kwa taa, tulikaa nchi kavu miezi mitatu, wa kokoro (wavu unaokokotwa mpaka ufukweni) wanavuta tu. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa ajili ya nani??

Wakuu mnivumilie, nimetoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, saa hizi na bado nina hasira. Nimekuta kokoro limeanikwa juani kweupe kabisa, mwenyewe kakaa pembeni anakunywa chai.

Mimi ni mtoto wa Kibirizi, Kigoma. Mzee alikuwa na kipe, mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti, karabai zinawaka, mnashusha nyavu mnasubiri dagaa wapande kwenye mwanga ndo mnavuta. Mbalamwezi ikiwaka hakuna kazi, taa haivuti kitu, watu wanabaki nyumbani kushona nyavu na kupiga soga. Kila mwezi dagaa walikuwa wanapumzika na hakuna aliyetutangazia kwa spika.

Sasa 2024 likafungwa ziwa, uvuvi ukasimamishwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mimi sikupinga, tena niligombana na washkaji zangu kwa sababu samaki wamepungua kweli, kuhe mkubwa siku hizi ukimpata unampiga picha kwanza. Tukapandisha mitumbwi. Mama mdogo anaanika dagaa, alikuwa na mkopo wa kausha damu, ziwa likafungwa ila marejesho hayakufungwa, kauza mpaka jiko la gesi.

Halafu usiku huku ufukweni watu wanavuta kokoro! Yaani pale pale maji madogo vinapokulia vitoto vya dagaa, kokoro linakomba mpaka vya kama njiti ya kiberiti, na marufuku yake kila mtu anaijua. Sisi tunaoenda mbali kwenye kina ndo tukaambiwa waharibifu.

Nikaenda kwa mhusika mmoja hapa mwaloni, simtaji. Ananiuliza, "Una ushahidi?" Nikamwambia mkuu, ndoo ile pale imefunikwa kanga, funua. Akasema nisimfundishe kazi. Jioni napita kwake nasikia harufu, wanakaanga 😡

Na msiniletee habari za Wakongo na Warundi, najua ziwa ni la nchi nne na Zambia imo, lakini kokoro la leo halijavuka maji, mwenye nalo tunasali naye.

Wazee waliojua mazalia yako wapi bado wapo hai hapa, hakuna aliyewafuata kuwauliza hata siku moja.

Wa Ujiji, Katonga, Kalya huko, kwenu ikoje? Au ni Kibirizi tu tumelogwa?