Buju alipoufuta ule wimbo: aliisaliti Jamaika au alikomaa?

Selekta wa Kariakoo (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Jana kijiweni tulishikana mashati kwa hili. Mnaukumbuka ule wimbo wa Buju Banton, msanii wa Jamaika, wa 1992 unaoshangilia mashoga kupigwa risasi. 2019, miezi michache baada ya kutoka jela Marekani, akauondoa kwenye kazi zake na kusema hauimbi tena. Dancehall, muziki anaoimba yeye, ndiyo sura ya Jamaika duniani, na uanaume wa kutopinda ndio umeibeba miaka yote. Sasa aliisaliti nchi au alikomaa? Mimi nasema alikomaa. Aliutunga akiwa kijana mdogo, na mtu mzima ana haki ya kukataa maneno ya ujana wake.

Nyundo ya Mbagala:
Alikomaa wapi, alibanwa! Maonyesho yalifutwa Ulaya na Marekani, halafu 2007 ikaletwa karatasi ya ahadi ya kutoimba tena dhidi ya mashoga, wakatajwa wasanii wenzake Beenie Man, Sizzla na Capleton kuwa wamesaini. Mtu unamkatia riziki halafu unamsifu kwa kubadilika? Wale ni wajukuu wa watumwa. Mwanaume wa pale alivuliwa utu karne kwa karne, jukwaani ndipo alipopata kusimama wima. Leo Mzungu arudi tena kumpangia aimbe nini? Afadhali Buju kuliko yule mwimbaji mwenzake Vybz Kartel, angalau yeye hakujipaka mkorogo.

UmojaOuter:
Boss, hapo kwa Kartel umenigusa pabaya. Huyo jamaa ni sauti ya Portmore, mji ulio jirani na Kingston, watu wa chini kabisa. Kujichubua hakujawahi kumpunguzia kitu. 2011 Profesa Carolyn Cooper alimwalika Chuo Kikuu cha West Indies pale Mona, akasimama mbele ya wasomi akajitetea mwenyewe: Wazungu wakijianika juani wabadilike rangi hamna anayeuliza, kwa nini yeye? Na 31 Desemba 2024 alijaza National Stadium. Uwanja huohuo bendera ya Jamaika ilipandishwa usiku wa uhuru 1962. Hiyo ni sura ya taifa ama siyo?

Nyundo ya Mbagala:
Kujaza uwanja siyo hoja. Mwanaume anayechukia ngozi aliyozaliwa nayo ataniambia nini kuhusu kusimama wima? Marcus Garvey, aliyewafundisha weusi kujivunia weusi wao, alitoka kisiwa hichohicho!

Bi Mkubwa wa Tanga:
Kaka zangu, naomba niwaulize. Oktoba 2018 Spice, mwanamke anayeimba dancehall, aliweka picha anaonekana kajichubua. Wajamaika wakamrarua kama kuku. Kumbe alikuwa anatangaza wimbo wa kupinga ubaguzi wa weusi wenyewe kwa wenyewe, alioupata yeye kwa sababu ya weusi wake. Kartel aliyejichubua kwelikweli na kuuza sabuni yake anaitwa chuo kikuu atoe mhadhara, Spice aliyeigiza anatukanwa. Hapo ndipo uanaume wa dancehall ulipo: mwanaume akifanya ni mbunifu, mwanamke akifanya kapotea. Lady Saw, mwanamke mwingine wa dancehall, naye aliimba miaka ya tisini mambo yaleyale waliyoimba wanaume, yeye ndiye akaonekana mchafu.

Nyundo ya Mbagala:
Dada, mimi sijamtukana Spice. Usinibebeshe maneno. Nimesema mkorogo ni aibu, uwe wa kike au wa kiume.

Mwanasheria wa Kisutu:
Ndugu Nyundo anasema Mzungu asiwapangie. Sheria inayomfunga mwanaume kwa kulala na mwanaume Jamaika, hadi miaka 10 na kazi ngumu, ni ya 1864. Ilitungwa chini ya Mwingereza, mwaka mmoja kabla hawajamnyonga Paul Bogle, kiongozi wa weusi, kwa uasi wa Morant Bay. Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya kule ilikataa kuibatilisha, kwa kifungu cha katiba kinachozilinda sheria za kikoloni. Sisi na Kenya tuna ndugu za sheria hiyo kutoka kwa bwana yuleyule. Na huyo Kartel wenu hukumu yake ya mauaji ilifutwa Machi 2024 na Baraza la Privy, mahakama ya mwisho ya rufaa ya Jamaika, ambalo liko London. Sasa mniambie, mnachokitetea hapo ni cha nani?

UmojaOuter:
Wakili, mambo ya London baadaye. Nyundo anaongea kuhusu uanaume wa Jamaika kama jiwe, inaonekana hajawahi kutazama kanda za Passa Passa, ile dansi ya mtaani iliyokuwa ikipigwa Jumatano usiku, Tivoli Gardens, mtaa mgumu wa Kingston. Taa ya kamera ikiwaka, wanaojisukuma mbele ni vijana wa kiume: suruali zimebana, nywele zimepakwa rangi, nyusi zimechongwa, wanacheza kwa mstari bila mwanamke hata mmoja kati yao. Mtaa wenye bunduki na hakuna aliyewaambia kuwa wao ni wanawake. Bogle wa dansi, siyo yule wa uasi, mchezaji mkubwa kuliko wote, alizikwa kama mfalme 2005.

Nyundo ya Mbagala:
Kuchonga nyusi! Ndiyo mfano uliouleta kunishinda?

Mzee wa Kabalagala:
Huku Uganda tulikuwa na yetu. Bobi Wine alianza kwa ragga, ndugu ya dancehall hiyohiyo, na 2014 Uingereza ilimnyima visa kwa nyimbo za namna ya Buju. Vijana wengi wa hapa siku ile walimwona shujaa wa Afrika. 2021 akagombea urais, na wanaomwunga mkono wakawa haohao Wazungu. Siasa za visa zisichukuliwe kama kipimo cha uanaume wa mtu.

Selekta wa Kariakoo:
Wakuu, swali lilikuwa Buju.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Buju tumemsikia. Mimi sijajibiwa kuhusu Spice. Nyundo umesema mkorogo ni aibu kwa wote, sawa, lakini mwenye aibu ya kweli anajaza uwanja wa taifa na nyinyi mnagombea tiketi. Nijibu hilo kwanza.