Kikundi cha Ukoo: Ijumaa Usiku

Salma: Assalaam aleikum wote. Nimemaliza ile riwaya, The Yiddish Policemen's Union ya Michael Chabon. Tangu jana kichwa hakijatulia.

Shangazi Rukia: Waaleikum salaam mwanangu. Ina nini hata ikukoseshe usingizi?

Salma: Ni ya upelelezi, shangazi. Polisi mmoja, Meyer Landsman, anaishi kwenye hoteli chakavu. Mpangaji mwenzake kakutwa kapigwa risasi, na kando yake ubao wa sataranji, mchezo haujaisha. Ila mji wenyewe ni Sitka, Alaska, umejaa Wayahudi na wanaongea Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya.

Idi: Wayahudi Alaska? Lini hiyo?

Salma: Haikutokea, lakini ilikaribia. Mwaka 1940 Marekani kulikuwa na muswada wa kuwafungulia Alaska wakimbizi wa Ulaya. Mjumbe wa Alaska, Anthony Dimond, akaupinga, ukafa. Chabon anamuua Dimond kwa ajali ya gari, muswada unapita. Badiliko dogo hilo tu! Humo kitabuni Wayahudi waliouawa na Wanazi wa Ujerumani ni milioni 2. Sisi tunajua ni milioni 6.

Idi: Kwa hiyo milioni 4 wamepona?

Salma: Hapo nilikiweka chini nikalia, Idi.

Mjomba Hamisi: Mbona mnaenda mbali. Mwaka 1903 Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea Wayahudi ardhi huku Uasin Gishu. Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotafuta nchi ya Wayahudi, akalifikisha kwenye mkutano wao Basel, Uswisi: kura 295 zikataka tume ije kuikagua, 178 zikakataa. Tume ikaja, na 1905 wakaamua hawaitaki. Vitabu vinauita mpango wa Uganda, kumbe ni hapa Eldoret ninapokaa.

Shangazi Rukia: Na Wanandi waliulizwa?

Mjomba Hamisi: Nani awaulize, dada. Mwaka huohuo wa 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza, akauawa. Ardhi inagawiwa kana kwamba haina watu, na watu wanaifia.

Salma: Riwaya nayo hailifichi hilo, mjomba. Berko, mwenzake Landsman kazini, mama yake ni Mtlingit, wenyeji wa kule. Aliuawa kwenye ghasia za Wayahudi na Watlingit. Berko amebeba pande zote mbili moyoni.

Idi: Kesi yenyewe je?

Salma: Marekani iliwapa Wayahudi miaka 60 tu, na imebaki miezi miwili warudishe mji. Hawajui watakwenda wapi. Amri ni kufunga mafaili. Mkuu wa Landsman ni Bina, mtalaka wake, fikiria. Lakini Landsman haachi. Marehemu aliandikisha jina la uongo hotelini, na Landsman anapoteza nchi nzima huku akimhangaikia maiti mmoja. Nimesoma hadithi nyingi za polisi, sijaona aliyenigusa hivi.

Idi: Usimtaje muuaji! Nakitaka mimi.

Shangazi Rukia: Mimi macho hayaziwezi tena herufi ndogo. Nisomee kwa sauti, Salma, kila siku baada ya Isha. Kwa Kiswahili.

Mjomba Hamisi: Rekodi uweke humuhumu, nami nisikilize.

Salma: Inshallah naanza leo. Ila kuna maneno yatanishinda. Bastola wanaiita sholem, na sholem maana yake amani. Nitaiitaje?

Shangazi Rukia: Iite sholem hivyohivyo. Nieleze mara moja, nitazoea.