Gamba la kobe wangu linaota vilima: je, kosa ni la chakula?

MfugajiMgeni aliuliza:

Ndugu wafugaji, hamjambo. Ninafuga kobe wa nchi kavu mwenye umri wa miaka miwili hivi, niliyempokea akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Tangu wakati huo nimekuwa nikimlisha saladi ya majani, tango, nyanya na vipande vya ndizi, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyovikimbilia, na mara mbili kwa juma humpa chakula cha mbwa kilicholowekwa, kwa ushauri wa mtu aliyeniambia kwamba kitamkuza upesi. Ni kweli amekua upesi. Hata hivyo, miezi hii ya karibuni kila kigae cha gamba lake la juu kinainuka katikati kama kichuguu, na mifereji iliyopo kati ya kigae na kigae inazidi kuingia ndani. Nimekuwa nikimpaka mafuta ya mimea kila wiki ili gamba lisikauke. Linang'aa siku moja, kisha vumbi linaganda juu yake. Anaishi ndani ya nyumba, katika sanduku pana nililoliweka dirishani, mahali ambapo jua hupenya kwenye kioo asubuhi nzima. Naomba kujua kama kosa ni la chakula, kama vilima hivi vitashuka, na kama niendelee na mafuta.

BustaniYaKobe alijibu:

Ndugu, nianze na mafuta: tafadhali yaache leo. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai, ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, nao umefunikwa kwa vigae vya keratini, yaani kitu kile kile kinachofanya kucha zetu. Lina damu na neva, na kobe huhisi unapomgusa. Linajengwa kutoka ndani, kwa hiyo mafuta hayalilishi chochote. Yanakusanya uchafu tu, na chini ya uchafu huo ukungu na bakteria hupata makao. Mswaki laini na maji ya uvuguvugu vinatosha.

Ama chakula, hapo ndipo penye kazi kubwa. Kobe wengi wa nyikani, akiwamo Geochelone sulcata, wameumbiwa kula nyasi na magugu magumu yenye nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo. Mtazame anapokula nyasi zilizoota: huuma, hukaza miguu ya mbele, kisha huvuta kichwa nyuma mpaka jani likatike. Kazi hiyo ndiyo inayomsaga mdomo usirefuke kupita kiasi, na saladi laini haimpi. Saladi hiyo ya rangi hafifu ni maji kwa sehemu kubwa. Ndizi ina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ilhali kobe anahitaji kinyume chake, angalau sehemu mbili za kalsiamu kwa moja ya fosforasi. Spinachi nayo ina oksaleti inayoishika kalsiamu isifyonzwe, kwa hiyo isiwe chakula cha kila siku. Mpe nyasi mbichi na kavu, majani ya mforosadi, maua na majani ya haibiskasi, na dungusi aliyeondolewa miiba, vyote kutoka mahali ambapo hapajanyunyiziwa dawa. Chakula cha mbwa kiondoe kabisa, kwani protini ya namna ile inampa ukuaji wa haraka na kuzichosha figo zake.

Matunda yanategemea aina ya kobe. Kobe wa misituni, kama Chelonoidis carbonarius, hula matunda kwa asili yake. Kobe wa nyikani akizidishiwa sukari tumbo lake huharibika.

JuaNaMaji alijibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila nisingependa mwenye swali aamini kwamba chakula peke yake ndicho kilichoinua vilima hivyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003, lililofanywa kwa kobe wachanga wa Geochelone sulcata, lilionyesha kwamba ukavu wa hewa uliathiri umbo la gamba kuliko wingi wa protini. Kobe mchanga porini hushinda muda mrefu amejificha penye unyevu, chini ya vichaka au shimoni, wakati sanduku la ndani ya nyumba huwa kavu usiku na mchana. Mtengenezee pembe moja yenye maficho na udongo unaobaki na unyevunyevu bila kuwa tope. Umwogeshe pia katika maji ya uvuguvugu yasiyovuka kidevu, kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa juma. Atakunywa humo humo na kutoa uteute mweupe. Uteute huo ukiwa na chengachenga kama mchanga, ujue amepungukiwa maji.

Jambo la pili ni dirisha. Kioo hupitisha joto lakini huzuia karibu miale yote ya UVB, yaani sehemu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila miale hiyo ngozi ya kobe haitengenezi vitamini D3 inayomwezesha kuitumia kalsiamu. Mtoe nje kwenye jua halisi, penye uzio na kivuli cha kukimbilia. Kama haiwezekani, tumia taa ya UVB na kuibadilisha kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, kwa sababu miale hufifia taa ikiwa bado inawaka vizuri.

MamaKobe alijibu:

Mwanangu, ongeza uchunguzi mmoja. Bonyeza gamba la chini taratibu kwa kidole gumba. Mimi niliwahi kulea kobe jike ambaye gamba lake lilibonyea kama kucha nene iliyolowa, naye alikuwa akiburuta tumbo badala ya kujiinua anapotembea. Nilidhani ni utoto tu, kumbe eksirei ya daktari wa wanyama ilionyesha mifupa iliyopungukiwa kalsiamu. Ukiona hivyo, au ukinusa harufu mbaya na kuona majimaji kati ya vigae, usisubiri ushauri wetu.

MfugajiMgeni aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimebonyeza: ni gumu kila mahali, halina harufu. Je, nimpe unga wa kalsiamu? Na vilima?

BustaniYaKobe alijibu:

Hilo ni jema. Nyunyiza unga wa kalsiamu usio na fosforasi juu ya majani mara mbili au tatu kwa juma, au umwekee mfupa mweupe wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, autafune apendapo. Vitamini D3 ya kopo usiizidishe, kwani ikijaa mwilini hudhuru. Vilima vilivyokwisha kuota havishuki, wala usivipige tupa, maana chini yake pana mfupa. Angalia ukingo wa kila kigae, pale kwenye mstari mwembamba wa rangi hafifu: huo ndio ukuaji mpya. Mpige picha kutoka juu na ubavuni kila mwezi, ukiwa umemweka mahali pale pale, ili uone kama mstari huo unatoka ukiwa bapa.