Tani 180 za mahindi, Mpanda hadi Dodoma kwa treni: behewa linaingia magunia mangapi?

Mdau_Katavi

Wakuu habari za mchana. AMCOS yetu (chama cha ushirika cha mazao) hapa Mpanda ina tani 180 za mahindi meupe, magunia 1,800 ya kilo mia mia. Mnunuzi yuko Dodoma na anataka mzigo ufike wote kwa mkupuo mmoja kabla ya mvua za Novemba. Wajumbe wamegawanyika, wengine wanataka malori, wengine treni ya reli ya zamani kupitia Kaliua na Tabora. Kwa mzigo wa namna hii treni hatujawahi kuitumia.

Wanaoijua njia hii naomba msaada. Behewa moja linaingia magunia mangapi? Kwa nini tunaambiwa behewa la Mpanda halijazwi hadi mwisho wa uwezo wake? Na mahindi huharibikia wapi hasa?

Taruma_la_Chuma

Mkuu, nianze na swali la pili, maana ndilo linalojibu la kwanza.

Ubavuni mwa behewa kuna namba mbili: uzito wake likiwa tupu, na mzigo linaoweza kubeba. Hizo ni za behewa. Njia nayo ina namba yake, yaani tani zinazoruhusiwa kwa kila ekseli (mhimili wenye magurudumu mawili), na behewa likipita njia tatu tofauti, ile dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua. Tawi la Kaliua–Mpanda, kilomita 210 hivi, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Mgodi ukafungwa 1960, tawi likabaki kuhudumia abiria na mazao. Reli zake ni nyepesi kuliko za njia kuu, na ule mradi wa Benki ya Dunia wa kuimarisha reli ya kati ulihusu Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Nyie hamkuwemo.

Piga hesabu hivi. Behewa la ekseli nne, likiwa tupu tani 18, ubavuni limeandikwa mzigo tani 40. Njia ikiruhusu tani 14.5 kwa ekseli, jumla ni 58, ukitoa 18 zinabaki 40, unajaza. Njia ikiruhusu tani 12, jumla ni 48, mzigo unashuka hadi tani 30. Hapo ni magunia 300, na mzigo wenu ni mabehewa sita. Namba hizi ni za mfano tu. Kikomo halisi cha tawi muulize mkuu wa stesheni, akupe kwa maandishi kabla hamjaanza kubeba gunia la kwanza. Na kama magunia ni ya katani, kila moja likiwa tupu linakaribia kilo moja, kwa hiyo 300 ni kilo 300 za ziada. Toeni matatu.

Sasa kwa nini ekseli ibanwe. Sehemu dhaifu ya reli ni kiungo, pale vipande viwili vinapokutana. Vibamba viwili, bolti nne. Bolti moja ikilegea, kila gurudumu linalopita linakigonga kiungo kichwani na kinazama kidogo. Kokoto za chini yake zinasagika kuwa unga, mvua ikija unga unakuwa matope, na taruma, ile mhimili iliyolala chini ya reli, linaanza kupanda na kushuka likirusha tope pembeni. Ukipita kwa miguu utayaona madoa meupe ya tope lililokauka, na kila doa ni kiungo kinachokufa. Mataruma ya chuma yaliwekwa sababu ya mchwa, lakini chuma nacho kina kutu. Tundu la kibanio linapanuka, reli inasogea nje, na geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,000 inatanuka. Wezi wa chuma chakavu wakipitia hapo, ndiyo basi.

Upande mmoja ukizama na wa pili ukabaki juu, njia inakuwa imejipinda. Behewa lina magurudumu manane, na la tani 48 lina tani 6 kwa kila gurudumu. Kwenye mpindo, gurudumu moja linapungukiwa uzito, ukingo wake unapanda juu ya reli, behewa linatoka. Mara nyingi kwa mwendo wa pole tu! Ndiyo maana namna mnavyopanga magunia ni suala la usalama wa treni nzima.

Kuhusu mvua, mnunuzi wenu ana akili. Eneo la mto Ugalla ni mbuga, udongo mweusi. Kalavati likizibwa na magogo, maji yanapita juu ya tuta, yanakomba kokoto na udongo, na reli zinabaki zinaning'inia na mataruma yake kama ngazi ya kamba. Hapo hakuna safari hadi tuta lijazwe na kushindiliwa. Mazao yenu yanavunwa Mei hadi Julai, kwa hiyo Agosti na Septemba ndiyo miezi yenu. Kitu kingine, Dodoma iko magharibi ya kipande cha Gulwe–Kilosa ambacho mafuriko yamekikata mara nyingi, mojawapo mwanzoni mwa 2010. Mngekuwa mnapeleka Dar ningewashauri vingine.

Ghala_Kavu

Naongezea upande wa nafaka, kwa sababu mahindi hayajali treni inakwenda kilomita 20 kwa saa au 60. Yanayoyaumiza ni kukaa ndani ya bati kwenye mchepuko (reli ya pembeni ya kusubiria) yakisubiri kichwa cha treni.

Unyevu kwanza. Kiwango cha Afrika Mashariki ni usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, aina ya B1 peke yake isizidi 5. Mkipakia mahindi ya asilimia 15 na yakaja kukaukia 13.5, yanapoteza asilimia 1.73 ya uzito (gawanya 1.5 kwa 86.5). Kwa behewa la tani 30 ni kilo 520, magunia matano yameyeyuka bila mwizi, na mtagombana na mnunuzi bure. Ile njia ya chumvi kavu na mahindi kwenye chupa, ukitikisa chumvi ikaganda kwenye kioo, inakuonyesha tu kwamba yamezidi 15 au hivi. Isipoganda haimaanishi yamefika 13.5. Tafuteni kipimo cha umeme, na kila gunia la kumi lichomwe bambo (mrija wa kuchotea sampuli), juu, kati na chini.

Pili, behewa hutoa jasho. Mchana bati linachemka, usiku wa msimu wa kiangazi huko Tabora baridi inashuka, mvuke uliotoka kwenye mahindi unagonga paa na kudondoka kama matone juu ya safu ya juu. Utafungua mlango ukute magunia ya chini mazima na ya juu yana ukungu, watu waseme paa linavuja kumbe halivuji. Tandaza juu ya magunia makatoni au magunia matupu tabaka mbili, yanywe yale matone. Usifunike kwa nailoni. Nailoni inafungia mvuke chini yake, unakuwa umepika.

Tatu, dumuzi. Mnapita Kaliua na Urambo, na huyu mdudu aliripotiwa kwa mara ya kwanza Afrika mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anakula punje na anatoboa mbao pia, kwa hiyo anaweza kuwa anaishi kwenye sakafu ya behewa la mbao akisubiri mzigo wenu. Unga mwingi mweupe kwenye nyufa, huyo ni yeye. Fukusi hatoi unga wa kiasi hicho.

Dawa ya gesi ya fosfini ipigwe ghalani, chini ya turubai lililobanwa kingo kwa mifuko ya mchanga, na mtu mwenye leseni. Kwa kawaida vidonge viwili hadi vitatu vya gramu 3 kwa tani, siku saba, halafu turubai lifunuliwe gesi itoke kabisa kabla ya kupakia. Kuna watu hutupia vidonge ndani ya behewa na kufunga mlango, "vitafanya kazi njiani". Behewa halizibi, gesi inavuja, wadudu wanapona, na anayekuja kufungua mlango Dodoma ndiye anayeivuta. Gesi hiyo inaua.

Mkaguzi_Behewa

Wakuu wamemaliza mengi. Mimi nasemea behewa lenyewe.

Msikubali behewa kwa kuliangalia nje. Ingieni watu wawili ndani saa sita mchana jua likiwa utosini, mlango ufungwe, mkae dakika mbili macho yazoee giza. Kila mnapoona nukta ya mwanga, maji yanapita hapo. Wekeni alama ya chaki. Angalieni zaidi kwenye mstari wa ripiti za paa, pembe nne, na ukingo wa juu wa mlango. Tundu dogo la paa linazibika kwa lami na kipande cha turubai. Paa lililooza kwa kutu mstari mzima, kataeni, ombeni lingine.

Kisha nuseni. Behewa lililobeba mbolea, saruji, chumvi au mafuta lina harufu au vumbi lake. Chumvi ni mbaya kimya kimya, maana inavuta unyevu kutoka hewani na kuupeleka kwenye gunia la chini. Fagieni hadi kwenye nyufa, taka zichomwe mbali na ghala.

Sakafuni wekeni chaga au mbao, gunia lisiguse bati. Anzeni kupanga kwenye ncha zote mbili mkija katikati, safu kwa safu, urefu sawa kushoto na kulia, magunia yakipishana kama tofali. Msirundike yote upande wa mlango kwa sababu makuli wamechoka! Hapo ndipo mpindo aliosema Taruma unapopata behewa la kuangusha. Mlangoni wekeni mbao za kukinga kwa ndani, ili gunia lisiegemee mlango. Likiegemea, mtikisiko unalisukuma, mlango unatuna, na kwenye reli yake hautelezi tena.

Lumbesa acheni, ni kinyume cha sheria ya vipimo na pia linapasuka likikanyagwa na safu nne juu yake. Kila behewa liwe na karatasi yake: namba ya behewa, idadi ya magunia, uzito, unyevu, namba ya sili za milango yote miwili. Pigeni picha sili zikiwa zimefungwa.

Mdau_Katavi

Asanteni sana, hii ni shule. Mjumbe mmoja anauliza, kwa nini tusimwage mahindi moja kwa moja ndani ya behewa bila magunia? Tutaokoa hela ya magunia na ya kupanga.

Mkaguzi_Behewa

Kwa behewa la milango ya ubavuni, hapana. Tani 30 za mahindi ni kama mita za ujazo 41. Kwenye sakafu ya mita 12 kwa 2.4 hiyo ni kina cha mita 1.4, na yote yanasukuma mlango kama maji. Itabidi mjenge ukuta wa mbao mlangoni hadi kifuani. Kila ufa wa sakafu ni bomba, punje zinadondoka njia nzima hadi Tabora. Na Dodoma mtashusha kwa koleo. Kumwaga kunataka behewa lenye tundu za chini na kituo chenye shimo la kupokelea.

Semi_Trela

Samahani wakuu, mbona hamsemi ukweli wote? Lami ya Mpanda–Koga–Tabora imekwisha. Semi sita zinabeba huo mzigo wote, zinapakia ghalani na kushusha ghalani. Kwa treni mnapakia lori hadi stesheni, mnashusha, mnapakia behewa, Dodoma mnarudia. Gunia linapakiwa na kushushwa mara tatu badala ya moja, na kila likibebwa lina ndoano, lina kupasuka, lina ujira.

Taruma_la_Chuma

Semi yuko sahihi kwa mabehewa mawili matatu. Kwa sita ni karibu sare, na hapo kinachoamua ni kichwa. Mabehewa yenu yakiunganishwa na ya wengine, yanaweza kukatwa Kaliua au Tabora kupisha mzigo mwingine, na siku zinahesabika. Dawa yake ni kuungana na AMCOS za jirani na wanunuzi wengine, mfikishe mabehewa 15 hadi 20 ya kwenda Dodoma pamoja, muombe yaende bila kukatwa. Mabehewa 20 kwa tani 30 ni tani 600, na hapo bei kwa tani ndiyo ya kujadiliana. Msipowapata wenzenu, chukueni malori bila aibu.

Ulizeni pia kabla ya kulipa: mnapewa saa ngapi za bure kupakia na kushusha, na baada ya hapo faini ni kiasi gani kwa behewa kwa siku. Makuli wanne hawamalizi magunia 1,800 kwa siku moja.

Jambo la mwisho, mtu asiwadanganye kwamba mzigo "utahamia SGR", ile reli mpya ya kisasa, Tabora au Dodoma. Geji ya SGR ni milimita 1,435, behewa lenu haliingii huko. Mzigo ungehamishwa gunia kwa gunia.

Mdau_Katavi

Nimeelewa. Nitawatafuta wenzetu wa Katumba kwanza, tuone tunafikisha mabehewa mangapi. Dodoma tukifika tunaanza na nini?

Ghala_Kavu

Namba za sili kwanza, kabla ya mtu yeyote kugusa mlango, mbele ya mnunuzi na karani wa stesheni. Zikitofautiana na karatasi, andikeni hapo hapo na wote wasaini, ndipo mfungue. Fungueni milango yote miwili, muache nusu saa hewa ipite. Halafu ingizeni mkono kati ya safu ya juu na ya pili, katikati ya behewa. Pakiwa na joto kuliko kwenye milango, magunia hayo yatengwe na yapimwe unyevu kwanza, yasichanganywe na mengine hadi kipimo kisome.