Mbio na mlo Dar: Upanga na Ocean Road, au Oysterbay hadi Masaki?

RabaNyekundu
Wakuu, habari zenu. Nimehamishiwa Dar kikazi kutoka Iringa na natakiwa kupanga nyumba kabla ya mwezi kwisha. Kodi tuiweke pembeni, ofisi inachangia. Ninachoangalia ni viwili tu: pa kukimbia asubuhi, na pa kula nikishamaliza. Huko kwetu baridi, mtu unakimbia saa yoyote, hapa nimeshaona jua halina mzaha.

Upanga nimepapenda kwa sababu unatoka mlangoni, unashuka mpaka hospitali ya Aga Khan, unaishika Barack Obama Drive (naona wenyeji bado mnaiita Ocean Road) unakwenda na bahari mkono wa kushoto hadi hospitali ya Ocean Road, Ikulu, mpaka soko la samaki la Feri. Oysterbay nimependa Toure Drive, unapita Coco Beach unaelekea Masaki mpaka hoteli ya Sea Cliff. Nakimbia kilomita nane hadi kumi na mbili, sishindani na mtu. Nakula kila kitu isipokuwa kongoro. Mnanishauri wapi?

MwanaCoco
Oysterbay, wala usiumize kichwa. Toure Drive ni ndefu, imenyooka, bahari kulia wakati wa kwenda, na makutano ni machache, kwa hiyo husimami simami kupisha magari. Ukichoka lami unashuka mchangani maji yakiwa yamekupwa, mchanga unakuwa mgumu na magoti yanapumzika. Jumamosi na Jumapili alfajiri huwi peke yako: vikundi vya mbio vinatoka Temeke, Kinondoni, Mbagala, fulana rangi moja, wanaimba mchakamchaka kama wako kambini. Tangu Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo Septemba 2025, kwa ile tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Mjerumani, basi kila mtaa una mtu mwenye raba mpya.

Na chakula ni mihogo ya Coco. Nikuambie nini zaidi? Muhogo umetoka kwenye karai unawaka, jamaa anaupasua kwa kisu kwa urefu, mvuke unamfuka usoni, anajaza kachumbari ya embe bichi pale katikati, anamalizia na pilipili na ukwaju. Mshikaki pembeni, dafu mkononi. Umemaliza.

BinKisutu
Mwana, nakuheshimu, lakini mwenzako kasema ASUBUHI. Hiyo mihogo saa moja asubuhi nani anakukaangia? Mihogo ya Coco ni ya jioni, na raha yake hasa ni wikiendi jioni. Asubuhi pale utakutana na wafagiaji na kunguru.

RabaNyekundu, nisikilize mimi niliyezaliwa huku. Watu mnachagua njia kwanza, halafu mnatafuta chakula kilichoizunguka. Kwa Dar geuza. Kila mtaa una saa zake za jiko. Oysterbay na Masaki majiko ya mtaani yanawaka jua likizama. Mjini, yaani Upanga, Kisutu, Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, majiko yanawaka kabla ya adhana ya alfajiri kuisha, kwa sababu huku ndiko watu wanakuja kazini. Mama lishe anajua saa kumi na mbili na nusu mabasi ya mwendokasi yatamwaga watu pale Posta ya Zamani na Kivukoni, na wote hawajanywa chai.

Kwa hiyo ukimaliza mbio zako Ocean Road saa moja kasoro, unakuta:
supu ya mbuzi au ya kuku na chapati, ndimu na pilipili mbuzi juu ya meza, chumvi uliyoitoa jasho inarudi yote kwenye bakuli moja;
vitumbua na chai ya maziwa ya tangawizi kwenye vile vihoteli vya Kisutu, kachori na katlesi zinatoka motomoto kwenye trei;
kahawa chungu na kashata kwa wazee wa baraza, hapo unapewa na habari za mpira bila kuuliza.

Masaki asubuhi utapata kahawa pia, sikatai. Bei ya kikombe kimoja huku wanakula supu watu wawili na chenji inabaki.

DadaWaMwinyi
Niongeze jambo ambalo naona kaka zangu mnalirukia. Mimi nakimbia alfajiri na ni mwanamke. Toure Drive katikati ya wiki, kabla ya mwanga, sehemu zenye vichaka upande wa bahari siendi peke yangu. Wikiendi na vile vikundi ni amani kabisa, hata ukianguka kuna watu ishirini wa kukuinua. Ocean Road nayo kabla ya kupambazuka ina vipande vya giza upande wa mivinje, ila kule Ikulu askari wamejaa, unajisikia vizuri. (Simu ibaki mfukoni ukipita Magogoni. Usijipige picha na Ikulu nyuma yako, watakusimamisha na utapoteza muda wako wote.)

Jua Dar mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro kidogo na kumi na mbili na dakika arobaini. Dakika ishirini za mwanzo ndizo za dhahabu. Ikishafika saa moja na nusu, na huu unyevu wa pwani, unakimbia kwenye supu badala ya kuinywa.

Na kwa nini mnaongea kama Upanga na Oysterbay ni nchi mbili? Daraja la Tanzanite mmelisahau?

RabaNyekundu
Dada umenigusa. Hilo daraja nimelipita kwa gari tu. Linakimbilika?

DadaWaMwinyi
Linakimbilika sana. Lilifunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita 1.03, linaanzia upande wa Aga Khan na kukutua Oysterbay, juu ya maji kabisa. Kuna njia ya waenda kwa miguu. Kabla yake ilikuwa lazima upite daraja la Selander kwenye barabara ya Ali Hassan Mwinyi, huku foleni, huku moshi, na chini mdomo wa Msimbazi na mikoko yake, maji yakikupwa harufu yake unaijua. Siku hizi Selander nawaachia wenye haraka ya kwenda ofisini.

Kipupwe_55
Daraja zuri ila muulize upepo kwanza. Mimi nimekimbia pwani hii miaka mingi, sasa natembea haraka tu, magoti yamegoma.

Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi ni kusi. Ukitoka Aga Khan kwenda Masaki upepo unakusukuma mgongoni, unajiona Filbert Bayi yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, halafu ukigeuka Sea Cliff ndipo unapoanza kulipa. Daraja lenyewe liko wazi, hakuna mti wala ukuta, kilomita nzima upepo unakupiga kifuani tena miguu imeshachoka. Wakati wa kusi anza kwa kwenda Feri, au vaa moyo. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, inageuka: kurudi ndiko rahisi, lakini joto lake linachosha kuliko upepo wowote. Msimu huo fupisha njia, usiongeze ubabe.

Masika usikimbie Upanga mvua ikishaanza. Mitaro inafurika, huoni shimo liko wapi.

Mchaga_Mjini
Hapa tunajadili mbio au tunajadili supu? 😂

BinKisutu
Supu. Mbio ni kisingizio.

NgisiWaFeri
Naona Feri mnaitaja kama mahali pa kugeukia tu. Aisee. Mtu akifika Feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakuta ngalawa na mashua zinashusha, mnada unapigwa kelele, madalali wanashika changu mkiani wanainua juu watu waone. Ukisogea upande wa makaango utakuta karai kubwa kama mtumbwi, kibua na dagaa vinaruka kwenye mafuta, ngisi na pweza vimekatwa vipande. Unanunua kwa vipande, unapewa chumvi, ndimu na pilipili kwenye karatasi. Chakula cha mkimbiaji hasa ni hiki, siyo vitumbua vya mafuta vya BinKisutu.

Hasara yake niseme ukweli: sakafu inateleza na harufu inakufuata hadi kwenye mwendokasi. Usiende na raba unazozipenda.

Supu ya pweza usiitafute asubuhi. Ni ya jioni, mikokoteni ikishawasha taa. Na zile sifa nyingine wanazoipa, kila mtu ajisemee mwenyewe.

Likoni_Boy
Wabongo mna raha. Hapa Mombasa swali lenu lina jibu moja: Mama Ngina. Unakimbia ukuta wa bahari, meli zinaingia mlangoni unaziona kwa macho, na viazi karai, mihogo, achari na madafu viko palepale. Ila na hapa ni chakula cha alasiri, sio asubuhi, kwa hiyo BinKisutu ana hoja.

Kuhusu joto la pwani msilichukulie kimchezo. Mbio za nyika za dunia za Machi 2007 zilifanyika hapa, uwanja wa gofu uliopakana na Mama Ngina. Kenenisa Bekele alikuja akiwa hajapoteza zile mbio ndefu tangu 2002. Joto likamtoa kwenye mzunguko wa mwisho, akaacha njia, Tadese wa Eritrea akashinda. Kama Bekele alisimama, wewe wa Iringa chukua maji.

RabaNyekundu
😂😂 Nimekuelewa, bro wa Mombasa.

Nawasoma na naona nyumba naelekea Upanga. Sasa swali: nikiishi Upanga, kwenye kilomita kumi na mbili nifanyeje ili niipate Toure Drive na bado nile mjini? Na urojo mbona hamjautaja? Nimeambiwa Upanga kuna urojo wa kufa mtu.

DadaWaMwinyi
Rahisi. Toka Upanga, panda daraja, ukishuka ng'ambo ingia Toure Drive, pita Coco, geuka kabla hujafika Sea Cliff kulingana na pumzi yako, rudi kwa daraja. Ukiwa na nguvu kubwa fika Sea Cliff kabisa, inazidi kumi na mbili. Ukirudi Aga Khan usiende kuoga kwanza. Tembea taratibu mpaka Kisutu, miguu ipoe, jasho likauke, ndipo ukae mezani. Ukila ukiwa bado unahema tumbo linakataa.

BinKisutu
Urojo nimeuacha makusudi. Urojo, au mix kama wengine wanavyouita, ni wa alasiri na jioni. Una embe bichi na ndimu, una bajia, kachori, viazi, chatine ya nazi, pilipili, chipsi za muhogo juu. Ukiuweka kwenye tumbo lililotoka kukimbia kilomita kumi asubuhi utanitukana. Kula jioni ambayo kesho yake hukimbii. Na ule mtaani, kwenye bakuli, umesimama. Urojo wa kubeba nyumbani kwenye mfuko chipsi zimeshalowa, hapo umekula uji.

Juisi ya miwa ndiyo ya baada ya mbio, ukibahatika kumpata jamaa mwenye mashine mapema. Hakikisha anakunja muwa na kipande cha tangawizi na ndimu ndani, halafu anaupitisha tena mpaka ganda linatoka kavu. Akipitisha mara moja tu na kukujazia barafu, mwambie mwanangu rudia.

Ramadhani ikifika kila kitu nilichosema kinageuka. Asubuhi mjini kimya, wapishi wengi wamefunga. Kimbia kama lisaa limoja kabla ya futari, polepole, kisha njoo huku mitaa ya Upanga na Kisutu ukaone meza zilivyojaa. Hapo hata MwanaCoco huwa anavuka daraja, nimemwona.

MwanaCoco
Nilifuata sambusa, sio mbio. Haya, nakubali asubuhi ni yenu. Lakini mtu akiishi Upanga tu na asiifahamu Coco ya Jumapili jioni, watoto kwenye maji, mpira mchangani, moshi wa mishikaki, huyo hajafika Dar. Mbio za jioni ninazitetea: unaanza saa kumi na moja upande wa Masaki, jua liko nyuma ya majumba, kivuli kinaifunika barabara, na unaishia kwenye karai la mihogo na njaa halali.

Ila jioni za wikiendi usikimbie kandokando ya lami pale Coco penyewe. Magari yanaegeshwa hovyo, bodaboda zinakata kushoto na kulia. Shuka mchangani au anzia mbele.

Kipupwe_55
Na angalia maji kabla ya kushuka. Yakijaa mchanga wote unaliwa, utakimbia kwenye mawe ya matumbawe na kifundo kitakushitaki.

RabaNyekundu
Nimepata nyumba Upanga, nyuma ya Sea View. Katikati ya wiki nitakuwa Ocean Road na supu, Jumapili jioni nakuja kwa MwanaCoco. Nani anakimbia Jumamosi hii?

DadaWaMwinyi
Tupo sita mpaka sasa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mguu wa daraja upande wa Aga Khan. Mwendo wa kuongea, hakuna anayeachwa. Kipupwe anakuja kutembea, tutamkuta Kisutu ameshakaa.

BinKisutu
Njooni na noti ndogondogo. Mama wa supu asubuhi hana chenji, ukimpa elfu kumi atakuambia unywe kwanza, na hapo ndipo chapati ya pili inapoingia.