Kompresa ya AC inasaga: ni beringi au kompresa nzima?

gari_jeupe:
Wakuu, habari zenu. Gari ndogo ya petroli, gesi ni R134a, kompresa ni ya klachi. Kuna mlio wa kusaga upande wa mikanda, asubuhi ndiyo unasikika zaidi. AC bado inapoza vizuri. Fundi mmoja anasema ninunue kompresa nzima, mwingine anataka kuongeza gesi. Nianzie wapi?

puli_na_mkanda:
Mkuu, usinunue chochote bado. Je, mlio unasikika hata AC ikiwa imezimwa?

Puli inazungushwa na mkanda muda wote injini inapowaka. Shafti ya kompresa inazunguka pale tu klachi inaponasa. Kwa hiyo mlio wa muda wote ni wa beringi ya puli, au wa kitu kingine kabisa kwenye mkanda huohuo: tenshena (kikaza mkanda), oltaneta, pampu ya maji. Ukianza sekunde ileile unapowasha AC, hapo ndipo uishuku kompresa kwa ndani, au klachi na mkanda vinavyoteleza. Kuna mtego mmoja: sahani ya klachi ikikaribiana mno na puli, inasugua AC ikiwa imezimwa na kunyamaza ukiiwasha.

Zima injini, vua mkanda. Zungusha puli kwa mkono, kisha iyumbishe. Beringi nzima haikwaruzi wala haina mchezo. Halafu zungusha sahani ya mbele peke yake, hiyo ndiyo imeshika shafti. Iwe nzito kidogo lakini laini. Ikigoma au ikikwama mahali, ndani kumeharibika. Ukiwasha injini bila mkanda kuhakikisha mlio umekwisha, sekunde 20 hadi 30 zinatosha, maana huenda pampu ya maji nayo imesimama.

geji_mbili:
Hilo la kuongeza gesi bila geji mlikatae kabisa. AC inayopoza vizuri inaongezewa gesi ya nini?

Injini ikiwa imezimwa na joto la nje ni nyuzi 30, pande zote mbili zisome karibu psi 95. Ikifanya kazi, upande wa chini tarajia kama 30 hadi 45, wa juu 200 hadi 250. Ukivuka 300 huku kompresa ikinguruma, angalia kwanza feni ya kondensa (ile kama rejeta ya kupozea gesi) na uchafu kwenye mapezi yake, kisha gesi iliyozidi au hewa ndani ya mfumo. Geji peke yake haikwambii gesi ni kiasi gani. Gesi hupimwa kwa mizani, gramu zimeandikwa kwenye stika chini ya boneti.

gari_jeupe:
Asanteni. AC ikizimwa bado inasaga. Bila mkanda, puli inakwaruza na ina mchezo, shafti iko laini. Naweza kubadili beringi bila kutoa gesi?

puli_na_mkanda:
Ndiyo, ikiwa kuna nafasi ya kufanyia kazi. Klachi yote iko nje ya sili ya shafti. Fungua nati au bolti ya katikati, toa sahani, na uziangalie washa nyembamba zilizo nyuma yake zisipotee! Toa klipu, vuta puli kwa pula. Usigonge kwa nyundo: ukiumiza sili, gesi itavuja na kazi ya beringi itakuwa kazi ya AC nzima. Namba ya beringi iko pembeni mwake, nunua kwa namba hiyo. Wakati wa kuingiza beringi kwenye puli, sukuma pete ya nje tu.

Koili ya klachi (sumaku ya umeme inayoinasisha) nayo ipime, beringi iliyopata moto huichoma. Nyingi zinasoma ohm 3 hadi 5.

Ukirudisha sahani, pima mwanya kati yake na puli kwa filagheji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) sehemu tatu. Kompresa nyingi zinataka kati ya mm 0.35 na 0.65, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno. Ukizidi, klachi itateleza ikipata moto; ukipungua, itasugua. Unaurekebisha kwa kuongeza au kupunguza zile washa.

geji_mbili:
Kwa atakayekuta shafti ndiyo inakwaruza: kompresa mpya peke yake haitoshi. Vipande vya chuma vimeshaingia kwenye kondensa na ekspanshen valvu (tundu dogo linalopunguza presha ya gesi), na vitaua hiyo mpya. Badilisha kondensa, valvu na draya (kinyonya unyevu), safisha mabomba, kisha vuta vakyumu, yaani nyonya hewa yote kwa pampu, dakika 30 au zaidi kabla ya kujaza. Na kompresa za umeme za haibridi msizitie oili ya PAG, ile ya kompresa za mkanda; zinatumia oili isiyopitisha umeme.