Naombeni ushauri: kasha lipi la kompyuta linafaa steshenari? Langu linachemka sana

Wa_Mbagala (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Mbagala. Nachapa, natoa kopi, nasajili watu mtandaoni, msimu wa mikopo ya wanafunzi ndio namwagikiwa na kazi. Kompyuta yangu ya mezani ni mtumba wa Ulaya, kasha lake dogo la zamani. Siku hizi jua likikaza inachemka, inajizima katikati ya kazi na mteja amesimama dirishani ananitazama. Nataka nihamishie kila kitu kwenye kasha jipya. Nimeona la kioo pembeni lenye feni za taa, na jingine la chuma tupu lenye matundu mbele. Lipi linafaa? Na nikihamisha mwenyewe niangalie nini? Nisaidieni, hicho ndicho kinachonilisha.

Kipepe
Nunua laptopu upumzike. Mambo ya kuvuta midude mikubwa yamepitwa na wakati.

Mama Shuu
Nasubiri wajuzi, na mimi yangu inanguruma kama mashine ya kusaga.

Zege la Tanga
Mkuu, mimi niko Tanga, nyumba yangu inatazama bahari. Kabla ya kioo na taa, angalia rangi ya chuma ndani. Kasha langu la kwanza lilikuwa bati tupu lisilopakwa rangi vizuri, upepo wa chumvi ukalila ndani ya miaka miwili. Skrubu ziligandana hadi nikazikata kwa msumeno. Siku nilipofungua nikamkuta mjusi amekauka juu ya bodi, ile sahani kuu ya saketi, mkia uko kwenye feni. Tangu siku hiyo kila tundu la nyuma lisilo na kadi nimeliziba kwa kibati chake. Vile vibati watu wanavitupa siku ya kwanza, wasijue kazi yake.

Fundi Makoroboi
Ngoja nijibu ulichouliza. Kwanza pima bodi. Kompyuta nyingi za ofisini za mtumba zina bodi na pawa saplai (lile boksi linaloilisha kompyuta umeme) za vipimo vyao wenyewe, kasha la kawaida halizikubali. Bodi ya ATX, yaani ya kipimo cha kawaida, ikiwa kamili ni milimita 305 kwa 244, ile ndogo ni 244 kwa 244. Chukua rula.

Ikiwa inaingia, kazi iko kwenye vinguzo vya shaba, vile vinavyoinua bodi isiguse bati. Hesabu matundu ya bodi, funga kinguzo chini ya kila tundu, usizidishe hata kimoja. Bodi ya ATX kwa kawaida ina matundu 9. Kinguzo kilichobaki mahali pasipo na tundu kinagusa mgongo wa bodi, na hapo unaweza kuunguza kitu ukilaumu muuzaji. Nimeletewa bodi tatu za namna hiyo, zote zilihamishwa na wenyewe.

Kabla hujagusa chochote zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa. Usizime swichi tu ukasema umechomoa. Soketi ikiwa bado na umeme, bodi inabaki na volti 5 za kusubiri hata ukiona kila kitu kimelala, ndiyo maana kuna kitaa kidogo kinabaki kimewaka. Hewa iingie mbele itokee nyuma. Kasha likae mezani au kwenye kigoda, lisikae sakafuni, na mgongo wake usibanwe na ukuta.

Vumbi litoe kila baada ya miezi michache kwa blowa, nje ya duka. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Wa_Mbagala
Asante sana Fundi. Nimepima kwa rula ya dukani, ni sentimita 24 na kitu kila upande, kwa hiyo inaingia. La kioo nimeshaliachia advansi kwa sababu wateja wanavutiwa na muonekano, duka la jirani wanalo. Swali dogo tu: kasha la sasa ukiligusa linatekenya kidogo mkononi. Nikihamia kwenye jipya hilo litaisha, si ndiyo?

Kipepe
Kumbe una advansi tayari, sasa unatuuliza nini?

Nyuki wa Moshi
Linatekenya vipi? Wewe umevaa nini miguuni ukiligusa? Sakafu ni ya nini? Na plagi ya hiyo kompyuta ni ya namna gani?

Wa_Mbagala
Ni kawaida tu, mitumba mingi inatekenya. Navaa kandambili. Sakafu ni saruji. Plagi ni ile ya duara ya Ulaya, naichomeka kwenye ekstensheni nyeupe yenye matundu yanayopokea plagi yoyote.

Nyuki wa Moshi
Mimi kazi yangu ni kufunga umeme majumbani, ninayo leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, kwa hiyo nisikilize. Plagi ya duara ya Ulaya inapata ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kwenye vibati vya pembeni. Ekstensheni yako haina cha kuvigusa hivyo vibati. Maana yake kasha lako lote halina ethi, linaelea. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vinavyounganisha nyaya za umeme na bati. Ethi ikikosekana, bati linakaa kwenye kama nusu ya umeme wa ukutani, lakini mkondo wake ni mdogo mno. Hapo unahisi kutekenywa basi. Kama ni hivyo tu, dawa ni ethi, wala siyo kasha jipya.

Nakuuliza tena, na ujibu kweli: kuna mtu alishawahi kupigwa zaidi ya kutekenywa?

Abu Samha
Huku Muscat nyumba zetu soketi ni zile zile za miguu mitatu ya mraba, na tabia ni zile zile. Nimeona jamaa anachomeka chaja ya miguu miwili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili lile tundu lifunguke. Kalamu ya wino! Namuuliza, lile tundu unadhani liliwekwa kwa urembo?

Mama Shuu
Ya kalamu mume wangu anafanya kila siku, Mungu atusaidie.

Wa_Mbagala
Ndio alishapigwa mtu. Sikutaka kuliweka kwa sababu najua mtanishukia.

Nakaa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kamaliza kidato cha nne, ananisaidia dukani. Jumatatu asubuhi alikuwa anapiga deki, sakafu mbichi, yuko pekupeku. Mteja akaleta flashi, akainama kuichomeka mbele ya kasha. Alirushwa. Akagonga kiwiko kwenye meza ya laminesheni, akakaa chini kama dakika tano haongei. Sasa hivi yuko sawa, anacheka. Nimemkataza kupiga deki mashine ikiwa imewashwa na nimenunua mkeka wa mpira. Dada yangu hajaambiwa. Na kazi siwezi kusimamisha, wiki hii ndiyo watu wanajaza fomu.

Zege la Tanga
Umekabidhiwa mtoto wa dada yako halafu unamwekea mkeka wa mpira?

Bi Mkubwa Tena
Mwanangu, mwambie mama yake leo. Usisubiri asikie kwa mteja. Mimi nilifichwa mwanangu alipoungua na uji kwa bibi yake, nikaja kujua kwa kovu. Hadi leo mimi na mkwe wangu tukikaa meza moja kuna kitu kimekaa katikati. Na huyo binti apelekwe kituo cha afya wamsikilize mapigo ya moyo, hata kama anacheka.

Kalumanzila 7
Samahani wakuu, mimi naona hii chai. Uzi umeanza kompyuta inachemka na mtu anataka kasha la taa. Mara linatekenya. Mara mtu karushwa. Kesho tutaambiwa duka limeungua. Na kama kasha lina umeme wa kurusha mtu, huyu jamaa anayeligusa kila siku na kandambili mbona bado anaandika?

Kipepe
Hata mimi nilitaka kusema. Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Wa_Mbagala
Sina sababu ya kutunga jambo la mtoto wa dada yangu. Kinachonichanganya ni kwamba halipigi kila siku. Jumapili lilikuwa kimya kabisa, nililigusa na kiganja. Jumatatu likamrusha. Jumanne linatekenya, jana kimya tena. Ndiyo maana nikaona si jambo kubwa.

Kalumanzila 7
Umejimaliza mwenyewe. Umeme hauna zamu.

Nyuki wa Moshi
Kalumanzila, hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Mtu anayetunga angesema linapiga kila siku.

Mtoa mada, ukifunga duka jioni unachomoa plagi? Na asubuhi unaichomeka bila kuangalia upande?

Wa_Mbagala
Ndio, kila jioni nachomoa naondoka na ekstensheni, maana wezi. Asubuhi nachomeka tu inavyokuja.

Nyuki wa Moshi
Plagi ya duara haina juu wala chini, inaingia pande zote mbili. Upande mmoja waya fulani ndani unakuwa na umeme, ukiigeuza waya ule ule unakuwa nyutro. Kwa hiyo kama ndani ya kasha kuna waya mmoja uliochubuka unagusa bati, siku moja bati zima linabeba volti 230, siku nyingine liko kimya. Kandambili kavu zinakulinda wewe. Yeye alikuwa pekupeku kwenye maji. Kungekuwa na ethi, breka au fyuzi ingekata papo hapo na mngejua kuna kasoro siku ya kwanza.

Vichujio peke yake havirushi mtu namna hiyo. Waya hauchubuki wenyewe ndani ya pawa saplai. Nani aliifungua?

Wa_Mbagala
Mimi.

Mwezi uliopita feni ya pawa saplai ilikufa, ndipo ilipoanza kuchemka. Pawa saplai nyingine niliambiwa elfu hamsini, sikuwa nayo. Nikatoa feni kwenye kompyuta mbovu, nikafungua lile boksi, nikaifunga. Ilikuwa nene kuliko ya kwanza, kwa hiyo nikatumia skrubu ndefu kidogo. Ilizunguka vizuri. Nilijivunia kazi yangu, kusema kweli. Joto lilipungua siku chache likarudi.

Fundi Makoroboi
Chomoa sasa hivi, ukimaliza ndipo uendelee kusoma.

Mkuu, miaka kumi na mbili nafungua makasha na lile boksi silifungui. Umeme wa 230 ukishanyooshwa ndani mle, kapasita, vile vipande vinavyotunza umeme, zinashika kama volti 325, na zinaweza kubaki nazo muda baada ya kuchomoa. Ulikuwa unaingiza bisibisi humo bila kujua. Kwa mtu wa kawaida pawa saplai ikifa feni, inabadilishwa nzima.

Abu Samha
Na nyingine za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Akinunua nyingine ya mtumba akitazame kabla ya kuwasha. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwetu, utasikia mlio na moshi.

Wa_Mbagala
Nimechomoa. Nipo gizani dukani naandika kwa simu. Nina testa ya bisibisi, nikipima kesho ikiwaka kidogo si nitajua?

Nyuki wa Moshi
Testa ile inawaka hata kwa umeme mdogo wa vichujio, haitakutofautishia. Usiwashe tena kupima. Mwite fundi umeme aje na mita, apime kasha likiwa limechomolewa, kutoka mguu wa plagi hadi kwenye bati. Apime na soketi ya ukutani. Soketi nyingi za fremu za kupanga zina matundu matatu, ukiifungua huoni waya wa kijani na njano nyuma.

Wa_Mbagala (siku mbili baadaye)
Nimerudi wakuu. Fundi alikuja jana. Skrubu moja imeuma waya wa kahawia unaotoka kwenye soketi ya nyuma ya pawa saplai, ganda limepasuka, ukitikisa boksi waya unagusa. Alinionyesha nikakaa kwenye stuli. Soketi ya ukutani kweli haina waya wa ethi. Mwenye nyumba anakataa tusichimbe kufunga fimbo ya ethi, anasema nitaharibu sakafu ya baraza. Nimemwambia chimbo ni nyuma ya choo, anafikiria.

Binti tulimpeleka kituo cha afya, wamesema yuko salama. Dada nimemwambia. Hajanipokelea simu tangu jana.

Bi Mkubwa Tena
Atapokea. Endelea kupiga.

Kalumanzila 7
Mkuu nisamehe kwa neno langu la chai. Mwambie mwenye nyumba breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, haihitaji kuchimba, hiyo wekeni hata kesho huku mnasubiri ethi. Mzee wangu aliweka baada ya friji kumpiga mdogo wetu. Nilipaswa kulikumbuka hilo kabla sijaandika.

Nyuki wa Moshi
Sawa kabisa, ila isiwe kisingizio cha kuacha ethi. Na plagi ya duara ikate, weka waya wa miguu mitatu ya mraba wenye fyuzi, wanauza Kariakoo kila kona.

Wa_Mbagala
Nimeshanunua waya na pawa saplai mpya. Fomu nazijaza kwa laptopu ya kuazima. Sasa narudi kwenye swali langu la kwanza, maana advansi ya kasha la kioo haijarudi na muuzaji anasema hairudi.

Fundi Makoroboi
Kioo cha pembeni hakina neno. Mbele yake lina matundu, au bapa limezibwa?

Wa_Mbagala
Limezibwa. Kioo mpaka mbele.

Fundi Makoroboi
Basi mwambie abadilishe, akupe lile la chuma kwa pesa ile ile. Akikubali, omba na pakiti ya vinguzo, huwa wanazisahau.